Masizi ya Jiko Langu Yamemfurahisha Prof

Admin, jina langu usiweke hata herufi ya kwanza, mke wa Prof wangu yumo humu. Mimi ni dada wa miaka 27, kwetu Iringa, nasoma shahada ya pili hapa Mbeya. Siku hizi sili, situlii, nikikaa nasimama.

Utafiti wangu uko hivi. Plastiki haipitishi umeme, ndiyo maana nyaya huvikwa plastiki. Ila ukiipiga kwa chembe ndogo mno zenye chaji, zikazama chini kidogo ya uso wake, inakuwa nyeusinyeusi na inaweza kuanza kupitisha. Mashine ya kuipiga hivyo hatuna. Prof alihangaika miaka miwili mpaka wenzetu wa nje wakakubali kutupigia vipande sita. Vikarudi kwa posta vimeingia unyevu, na oveni ya maabara ni mbovu, tumesema mpaka tumechoka. Mimi na ujuaji wangu nikavibeba nyumbani, nikavipanga kwenye sinia kando ya jiko la mkaa vikauke. Mkaa wenyewe ulikuwa umelowa, nikauwashia vijiti vya paina nilivyonunua njiani pale Nyololo, vile vyenye utomvu. Moshi wake jamani!

Jumatatu iliyofuata tukapima. Umeme ukapita kuliko tulivyotegemea! Prof anastaafu mwaka huu, lakini alipiga makofi kama mtoto. "Binti, umenifuta machozi," akasema. Nami kichwa kikavimba, nikampigia mama. Akaenda kuomba ibada ya shukrani usharikani kwetu.

Wiki iliyopita nikashika kipande kimoja, kidole kikatoka cheusi. Nikakifuta kwa pamba na spiriti, kikabaki na ukahawia tu. Kupima tena, hakipitishi kitu, utadhani nimepima ndoo ya kufulia. Mungu wangu, masizi! Yalitanda juu, na kwa kuwa tulitegemea weusi, hakuna aliyeshtuka.

Vitano sijavifuta. Naogopa. Labda kuna kimoja cha kweli, labda hakuna hata hicho. Rafiki yangu ananiambia, "We uchune, nani atajua?" Watajua! Wenzetu wa nje watarudia vipimo, na jina la kwanza pale juu ya ripoti ni la Prof, siyo langu. Nikisema sasa, anaaibika na mimi labda naanza upya. Nikinyamaza, anastaafu akiitwa mwongo kwa kosa ambalo halijui. Najichukia kwa kweli.

Ijumaa anasimama kwenye mkutano kutangaza matokeo. Jana akaniita ofisini, akavua miwani. "Mwanangu, naona hutulii. Kama kuna kitu, niambie kabla sijasimama mbele za watu."

Nikamwangalia machoni. "Hakuna, Prof."

Akasema, "Basi, nakuamini," akaendelea kuandika hotuba yake.

Ndugu zangu, Ijumaa ni keshokutwa. Nitukaneni mkitaka, lakini mniambie: nimwambieje mzee huyu, nianzie wapi?