Nilikuwa nimeshasoma kitabu chake

Leo nimemtaja muuaji mbele ya sebule nzima.

Mimi! Ninayeona haya hata kuomba chumvi mezani.

Kwetu kambini walijaa polisi waliotoka zamu, wakitazama tamthilia ya upelelezi, mojawapo ya zile ambazo mtafsiri huongea Kiganda juu ya sauti za waigizaji. Riwaya yake nilikuwa nimeshaisoma. Mdomo ukaniponyoka: "Ni daktari."

"Wewe mtoto, umetuharibia!" akalalamika jirani yetu, Mama Akello.

Mwisho ukafika. Kumbe walikuwa wamebadilisha hadithi ya kitabu: muuaji akawa dereva.

Walivyonicheka! "Mpelelezi wetu huyo!"

Baba akazima sauti ya runinga. "Kwenye kitabu, kwa nini daktari?"

Nikaeleza polepole ile chai ambayo daktari aliwamiminia wenzake, yeye asiinywe. Picha zilipita kimya nyuma yangu, na hakuna aliyezitazama. Nilihisi naelea. Bado naelea.

Nilipomaliza, Baba, mpelelezi wa miaka mingi, akasema, "Dereva wao ningemwachilia. Daktari wako ningemfunga pingu."

Mama Akello ameondoka na kitabu changu. Anayekitaka baada yake aseme hapa chini.