Murid Aenda Kupimwa

Mtoto wa kaka yangu, Murid, ni mtu wa kazi mpaka anakera. Alfajiri anakamua nyati wake wa kufugwa na kupeleka maziwa mjini Hasilpur kwa pikipiki, akirudi anabeba bomba mgongoni kwenda kunyunyizia dawa ya wadudu pamba za watu. Ananyunyiza kifua wazi, usoni hana hata kitambaa, na mdomo wa bomba ukiziba anauzibua kwa kuupuliza. Nimemsema mpaka nimechoka. Mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji, na kwa kuwa ni shangazi yake vilevile, nilidhani nitasikilizwa mara mbili. Wapi.

Miaka ikapita kwenye ndoa yake, mtoto hakuna. Wifi yangu Hajran, mama yake Murid, alimtembeza mkwewe Sughra makaburi yote ya mawalii, akamnywesha kila mzizi, mwisho akatangaza kwamba pamba ikivunwa anamletea mwanawe mke wa pili. Kwani alisahau watoto hawa walivyooana? Siku Sughra alipoletwa kwetu, dada yake Murid naye alipelekwa kuolewa na kaka yake Sughra. Ndivyo tunavyoozana huku, na linalomkuta mmoja humkuta na mwenzake. Sughra akiletewa mke mwenza leo, kesho binti yetu kule naye ataletewa wake. Nyumba mbili ziharibike kwa pupa ya mtu mmoja! Iliniuma sana, maana Murid na dada yake nimewabeba mgongoni.

Sughra alikwisha kupimwa hospitali, wakamwona mzima. Basi nikamfuata Murid zizini, nikamwambia sasa ni zamu yake. Akasonya. Mwanamume wa kubeba bomba kutwa nzima, akasema, apimwe nini?

"Mgongo haupimwi, baba," nikamwambia. "Unataka dada yako aletewe mke mwenza?"

Akainamisha kichwa, akakubali.

Maabara ya mpimaji Tehmina pale mjini haina chumba cha faragha, kwa hiyo mtu hujiwekea shahawa kwenye chupa nyumbani kwake na kuiwahisha. Tehmina akachungulia kwenye hadubini, kisha akaniita pembeni. Hakuna mbegu hata moja inayotikisika, akaninong'oneza. Halafu akamuuliza Murid aliibebaje ile chupa, na bwana mkubwa akaeleza kwa fahari kwamba aliizamisha ndani ya barafu, kwenye kopo lake la maziwa, isije ikachacha njiani. Tehmina akauma mtandio asicheke. Akamweleza kwamba baridi imeziua, arudie baada ya siku chache, na safari hiyo chupa aifiche kwapani, ndani ya shati.

Mara ya pili zilikuwa hai, lakini furaha yangu haikudumu. Zilikuwa chache, nyingi zinazungukazunguka palepale, na nyingine zimezaliwa na vichwa viwili. Tehmina akauliza kazi yake, akamtoa damu, na damu ikaonyesha kwamba dawa ya pamba imemwingia mwilini. Hata hivyo akatutuliza. Alisema mbegu mpya huchukua kama miezi mitatu kukomaa, basi Murid aache bomba kabisa, miezi hiyo ikiisha apimwe tena, na tofauti ya vipimo hivyo ndiyo itasema kama dawa ndiyo mkosaji.

Sasa kuacha bomba katikati ya msimu lazima mama aambiwe sababu. Murid akawa anazungukazunguka tu, haya imemjaa, hadi jioni moja Hajran alipoanza kupanga ladu, vile vitamu vya posa, kwenye sinia za kuwapelekea wazazi wa bibi harusi mpya. Nilikuwepo.

"Mama, usiende," Murid akasema. "Mimi nimepimwa. Kasoro ni yangu."

"Nani kakuloga?"

"Dawa ya pamba, mama."

"Na huyu mpya nimwambie nini?"

"Hata ukileta wanne, watakaa wanakutazama tu."

Sughra alikuwa akibandika mikate tanurini. Akafunika uso kwa mikono yenye unga, akalia, na mimi nikalia naye. Hajran akazirudisha ladu ndani.

Bomba likauzwa. Pamba ilipokwisha kuvunwa Murid akapimwa tena, na Tehmina akamwita achungulie mwenyewe. Zilikuwa zimeongezeka, zinakimbia. Alivyotoka pale akitabasamu, ungedhani amezaa mapacha.

Mtoto bado, sitawadanganya. Ila juzi kwenye harusi ya jirani, wanawake walimzingira Sughra, wakimtazama tumbo na kumuuliza anasubiri nini. Kabla hajajibu, Hajran akapenya katikati yao.

"Mwacheni huyu," akasema. "Anayetibiwa ni mwanangu."

Kisha akamshika Sughra mkono, wakaenda kukaa pamoja mkekani.