Mwanaanga Aliyeninyooshea Mkono

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na usiku uliotangulia nililala vizuri. Nayasema haya mapema usije ukanitafutia sababu. Yalinipata mimi mwenyewe, London, miaka ya tisini, nilipokuwa msafishaji kwenye jumba moja la makumbusho.

Ilikuwa Desemba, na Desemba ya kule saa kumi jioni giza limeshaingia. Wageni walikuwa wametoka. Mimi nilipewa ukumbi wa vyombo vya anga. Msimamizi wetu, Mama Furaha, Mkongo, alikuwa ghorofa ya chini. Siku hizo nilikaa Kilburn, chumba cha kupanga, peke yangu. Miaka ilikuwa inapita sijaiona Mombasa kwa sababu ya makaratasi ya ukaazi. Wiki nzima iliweza kwisha bila mtu kuniita jina. Unaijua hali hiyo?

Basi, nikamkuta mzee wa Kizungu amesimama mbele ya chombo kilichoungua tumbo kwa moto wa kurudi duniani. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba tumefunga. Akanijibu kwa Kiswahili, tena kile cha kwetu, cha bibi yangu!

"Niwie radhi, mwanangu. Nilikuja kukiona tu. Nilipanda cha namna hii zamani, wakati waliokwenda juu wakihesabika kwa vidole."

Wewe ungekimbia? Mimi, naapa, nilifurahi kusikia Kiswahili.

Akaongea polepole. Alisema kabla yao hakuna aliyewahi kuiona dunia nzima kwa jicho lake, na walipoitazama ndipo watu walipojua kumbe ni nyumba moja, ndogo, haina hata mpaka mmoja.

"Hilo ndilo kubwa tulilolifanya. Bendera na hotuba zilikuwa mbwembwe. Lakini nilipopita juu ya pwani yenu gizani niliona moto mmoja, nikasema huyo anapika. Nikatamani anikaribishe. Nani angenikaribisha? Tangu hapo sijashuka."

Hajashuka vipi? Nikatazama chini. Wallahi, nyayo zake hazikugusa sakafu. Nilikuwa nimetoka kupiga deki, na niliona mng'ao wa taa ukipita chini ya viatu vyake.

Akaninyooshea mkono. "Twende. Kule humkumbuki mtu."

Amini usiamini, nilimpa wangu. Vidole vyake vilikuwa na baridi ya chuma kilicholala nje. Nikahisi visigino vyangu vinainuka.

Ghafla nikasikia jina langu. Mama Furaha alikuwa mlangoni, ananiita kama anavyoitwa mtoto aliyekimbilia barabarani. "Wee! Unasema na nani? Hapa hakuna mutu!"

Nikaanguka magotini. Mzee hakuwapo. Mama Furaha akanishika mkono aniinue, akauachia upesi, akaanza kusali.

Kazi ile niliiacha. Sasa niko Tottenham, nina mke na watoto, lakini mkono huu haupati joto hata wakati wa kiangazi. Nikilala nahisi godoro linaniacha, ndiyo maana mke wangu hunilalia mguu mpaka asubuhi. Watoto hawajui.

Nawe uliye ugenini, nisikilize. Usikae siku nyingi bila mtu wa kukuita jina. Gonga mlango wa jirani, mpigie simu hata mliyegombana naye. Wapo wanaowatafuta watu wapweke, na wana adabu sana.