Baridi ya Mtungini
Treni ya kutoka Dar es Salaam ilinishusha Kigoma nikiwa na vumbi la Itigi masikioni na mgongo ulionyooka kama benchi la daraja la tatu. Nilikuwa kijana wa Tanga, nimejifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa, na nimeitwa kusaidia kuinua tishari, chombo bapa cha mizigo, lililozama karibu na Kibirizi likiwa na mabati ya vijiji vya Ujamaa.

Siku ya kwanza nikatoka majini meno yanagongana. Ziwa lenyewe vuguvugu, kina mama wanafua pembeni.

"Homa hiyo, mwanangu," akasema mama mpishi wetu, ambaye wazee wake walivuka kutoka Kongo. Akanifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, nijifukize. Nikavuta mvuke, kifua kikalegea, nikaomba ugali.

Msimamizi hakufurahi. "Umetoka Tanga kuja kutetemeka kwenye maji ya kuogeshea watoto? Nikikuona hivyo tena unarudi kwenu. Mgonjwa simzamishi."

"Siumwi, Mzee. Ni hewa ya mtungini. Inatoka baridi, na kule chini inakuwa nzito. Kila pumzi inaondoka na joto langu."

"Hewa! Mimi nimezamia ujana wangu wote, sikutetemeka."

Lakini yeye alizamia kwa kofia ya shaba, wenzake wakimsukumia hewa kwa pampu ya mkono, nayo hupata joto ikishindiliwa. Nilipomwambia hivyo, akanitazama kama mtu aliyeambiwa mkewe hajui kupika. Kesho yake akajifunga mtungi wa akiba, tukashuka wote.

Tulipoibuka, vidole vyake vilishindwa kufungua mkanda.

"Na wewe tena!" mama mpishi akacheka hadi akakaa chini. "Haya, ingia!"

Tukajifukiza chini ya blanketi moja, bosi na kibarua, jasho likitutiririka.

"Utabaki," akasema mle gizani. "Ila zamu ziwe fupi. Na hiyo sufuria ipande mashuani."

Nikabaki, mzima kabisa, mpaka tishari likaibuka likimwaga matope na mabati yakapakiwa kwenye malori. Tukashangilia. Halafu kila mtu akaanza kukunja kamba, nami nikaelewa kwamba kazi niliyoipigania vile ilikuwa imekwisha. Mama mpishi akanifungia samaki wa ziwani, migebuka wa kukaanga, nikapanda treni ya jioni. Sijawahi kurudi.