Gurudumu la Mama Byron

Kama kuna mtu katika hii Eldoret anayeweza kukukasirisha na bado umhitaji, ni Mabonga, fundi wa baiskeli. Muulize Esther Akoth, yule wanayemwita Mama Byron, anayebeba maziwa kwa baiskeli kutoka mashamba ya njia ya Moiben hadi hoteli za chai karibu na chuo kikuu pale Chepkoilel. Ila usimuulize ukiwa na haraka, maana atakuambia yote.

Jumamosi, ekseli ya gurudumu lake la nyuma ilikatika. Esther akasukuma baiskeli mpaka kwenye kibanda cha Mabonga pale njia panda. Mabonga akaitazama, akacheka. "Hii ni kazi kidogo tu, Mama Byron. Kuja jioni." Jioni ikawa ni kesho. Na kesho ilikuwa Jumapili, na Mabonga ni mzee wa kanisa, hashiki spana siku ya Bwana hata umlilie. Basi, Jumatatu asubuhi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini angefanya nini?

Na hiyo Jumatatu haikuwa ya mchezo. Mama Lorraine, mwenye hoteli inayochukua karibu maziwa yake yote, alikuwa amemchoka. Wanafunzi walikuwa wamerudi chuoni, chai ya asubuhi inapiganiwa, na wiki nzima Esther alikuwa akichelewa kwa sababu ya hiyo hiyo ekseli, iliyokuwa imelegea kabla haijakatika. "Dada yangu, wewe ni mtu wangu," Mama Lorraine alimwambia kwa simu, "lakini Jumatatu maziwa ikikosa kufika kabla ya wanafunzi, nachukua ya Tyson." Tyson ana pikipiki. Tyson akishaingia mahali hatoki.

Utasema si aende duka lingine. Ala! Alishaenda. Mjini kuna duka la vioo, baiskeli zimepangwa humo zikimetameta, zote za gia. Kijana wa pale aliiangalia Black Mamba yake, ile baiskeli nzito ya chuma isiyo na gia, kana kwamba Esther ameingiza mbuzi kanisani. "Mama, hizi hatutengenezi," akasema, akarudi kwa simu yake.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Karia inayobeba mitungi ya Esther ni Mabonga aliyeichomelea, akaipima mpaka ikakaa sawa na mgongo wake. Siku cheni ilipokatika kwenye mvua, Mabonga alimfuata kwa miguu kwenye matope, nyundo mkononi. Taabu yake ni moja: hana vipuri. Na akikosa kitu, hakuambii amekosa. Anafungua kwenye baiskeli ya mtu mwingine iliyolala pale, anakufungia, unaenda. Halafu anahangaika kutafuta kingine kabla mwenyewe hajaja. Yeye anaita kusaidiana. Barabara ile yote inajua, na kila mtu huona ni jambo jema mpaka siku baiskeli iliyolala ni yake.

Jumatatu alfajiri Esther alikuta baiskeli yake imening'inizwa darini. Mbele ilikuwa na gurudumu. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Mabonga, gurudumu langu liko wapi?"

"Ile ekseli niliitengeneza vizuri sana. Imekaa kama mpya."

"Sijakuuliza ekseli!"

Mabonga akajikuna shingo. "Okumu, mteja wangu, alikuja Jumamosi usiku usiku. Dadake alikuwa amezidiwa huko Yamumbi. Ningemwambia nini, Mama Byron? Nikamfungia lako. Alisema jana atakuwa amerudi."

"Yamumbi? Ng'ambo yote ile ya mji? Na amerudi?"

"Simu imezimwa."

Esther akapiga teke kopo la grisi, likaviringika mpaka barabarani. "Wewe ni mzee wa kanisa, na unagawa vitu vya watu kama mandazi! Huwezi kununua gurudumu moja tu likae hapa?"

"Nimeagiza. Mjini wameacha kuleta hii saizi. Wanaleta za gia tu." Mabonga naye sasa alikuwa na uchungu. "Unadhani mimi napenda kutukanwa kila siku?"

Machozi ya hasira yalimtoka Esther. Mitungi ilikuwa imejaa kule shambani kwa kina Chepngetich, maziwa bado ya moto. Kuita pikipiki ni kumwita Tyson.

Mabonga akaangalia ukutani, kwenye baiskeli mbili za watu zilizobaki. "Iko ya Linah," akasema polepole.

Linah ni mhudumu wa afya wa kijiji, anayezunguka boma kwa boma na mizani ya kupimia watoto. Esther alijua la kusema ni hapana. Linah ni mtu mwema, na baiskeli ile ni miguu yake. "Anakuja saa ngapi?" akauliza.

"Leo. Lakini si saa hizi."

"Funga," Esther akasema. "Funga haraka."

Mlima wa kuelekea Chepkoilel haupandwi na mtu aliyebeba mzigo, unasukuma. Alikuwa katikati yake na mitungi ya kina Chepngetich nyuma, akihema, alipomwona Linah akiteremka kwa miguu, mizani begani.

"Mama Byron! Pole na kazi!" Na kabla Esther hajajibu, Linah alikuwa amezunguka nyuma, ameshika karia, anasukuma. "Naenda kuchukua baiskeli yangu. Leo lazima nifike kule juu kabisa, kuna katoto kamekonda vibaya, sijalala kwa sababu yake."

Esther alisikia shingo ikimwaka kwa aibu. Walipofika juu alishindwa kupanda baiskeli.

"Linah, hili gurudumu ni lako."

Linah akainama. Akakiona kiraka alichobandika mwenyewe. Akainuka. "Mabonga! Haki huyo mtu nitamnyonga!"

"Yeye alionyesha tu. Aliyesema funga ni mimi." Esther akaanza kufungua kamba za mitungi. "Chukua. Maziwa ikiharibika, iharibike."

Linah akaangalia mitungi. Akaangalia jua. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Pale kwa Mabonga umeacha baiskeli gani ingine?"

"Iko ya katekista."

"Gurudumu ya nyuma iko?"

"Iko."

"Itaingia kwa yangu?"

"Black Mamba ni Black Mamba."

"Basi funga hizo kamba uende! Unaniangalia nini?"

Esther akapanda. Kutoka pale ni mteremko mpaka kwa Mama Lorraine, angewahi. Alipogeuka alimwona Linah akikimbia kurudi chini kwa Mabonga, mizani ikimgonga mgongoni, awahi kabla katekista hajafika.