Saa Aliyovaa Yustina Pichani

Siku ile ya baridi pale Makambako, mwanangu, bado naiona. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mpiga picha mwenye chumba chake karibu na njia panda, enzi za Mwingereza. Nilijiona fundi hasa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Akaingia mama mmoja kutoka Wanging'ombe, Yustina, miguu peku, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Alitaka picha ya kumpelekea mumewe, Zakaria, aliyekwenda Tanga kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge.

"Nipige hivi hivi, kaka," akasema.

Nikacheka. Jembe nikaliegemeza nje, mtoto nikampa jirani ambeleke. Nikamvisha Yustina viatu nilivyowawekea wateja, nikamfunga saa yangu ya mkononi. Picha ilitoka safi, mpaka leo nakiri.

Miezi mitatu baadaye akarudi na mama mkwe wake, wameshika barua.

"Zakaria anauliza saa nimepewa na mwanamume gani," Yustina akasema. "Anasema harudi tena."

Nikaanza kujitetea. Yule bibi akanikatiza, taratibu tu: "Kijana, ulimwuliza kwa nini alikuja na jembe?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mwulize sasa."

Nikauliza. Kumbe mtoto alizaliwa baba yake ameshaondoka, hajamwona hata mara moja. Kumbe shemeji zake walitaka kulichukua shamba la ulezi, wakisema halina mwenyewe, naye akalilima lote peke yake kwa jembe lile. Alitaka mumewe ajue kwamba nyumba yake bado imesimama. Nikazidi kuuliza, naye akazidi kusimulia. Yote hayo nilikuwa nimeyaacha nje ya mlango.

Nikampiga picha upya, na mtoto wake, na jembe lake. Nikamwandikia Zakaria barua kwa mkono wangu, nikikiri kwamba saa ni yangu na kosa ni langu.

Hakujibu. Nikakaa na wasiwasi mpaka mkataba wake ulipokwisha. Ndipo mwanamume mmoja mrefu akashuka kwenye lori, akaingia kwangu.

"Kamwene," akanisalimu. "Mimi ni Zakaria. Naomba kuiona hiyo saa."

Nikaivua. Akaitazama sana, akanirudishia.

"Mtoto anaitwa nani? Barua yako haikusema."

"Tumaini," nikamjibu. Jina nililijua kwa kuwa safari ile ya pili niliuliza.

Akalitamka jina lile polepole, mara mbili, akajitwika mzigo wake, akashika njia ya Wanging'ombe.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumpamba mtu upendavyo wewe, kisha ukadhani umemjua. Kila anayesimama mbele yako ana jambo lililomtoa kwake. Mwulize, halafu umsikilize mpaka amalize. Mungu akupe moyo wa kutaka kujua na subira ya kusikia, na watu wakuamini kwa habari zao. Amina.