Gari Juu, Mama Bondeni

Mtaani kwetu, huku bondeni Jangwani, hakuna anayengoja mvua ianze ndipo ajiandae. Wingu likitanda tu upande wa Pugu, wanaume wanawasha magari. Bodaboda, bajaji, kirikuu, vyote vinapandishwa upande wa Kariakoo, vinapangwa kando ya barabara, na wenyewe wanalala huko huko kulinda betri na vioo visiibwe. Sisi wanawake tunabaki bondeni na maji. Ndivyo nilivyoikuta nilipoolewa, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa nini.

Mume wangu ana kirikuu, anabeba mizigo ya maduka ya Kariakoo. Masika ikikaribia analihudumia gari hilo utadhani bi harusi. Anapaka grisi kwenye nyaya, anafunga plagi kwa nailoni, anaunga bomba kwenye ekzosi ili mdomo wake ukae juu. Mama yake, ambaye kiharusi kilimwacha na miguu isiyosimama, alikuwa anamtazama akiwa kwenye mkeka wake barazani.

"Mkamwana, umemwona mke mwenzio? Leo kapakwa mafuta mpaka masikioni."

"Namwona, mama. Mimi hata losheni sijanunuliwa!"

Tulicheka sisi wawili mpaka mume wangu akanuna. Nilimpenda yule mama, na wanaosema mkwe hapendeki shauri yao.

Kazi ya ndani ilikuwa yangu. Kitanda juu ya matofali, friji juu ya meza, nguo za watoto kwenye viroba, viroba nikivifunga kwenye kenchi za paa. Mlangoni tuna kiukuta cha kuzuia maji. Kila mwaka tunaongeza tofali, jirani naye anaongeza lake, halafu maji yanatuzunguka na kuingilia chooni. Yakishaingia, kiukuta kile kile kinayazuia yasitoke. Jamani! Nilikuwa napanga viroba vya mchanga huku natukana peke yangu, najua kabisa havisaidii kitu, na bado napanga.

Lakini mama hawekwi juu ya meza. Hilo ndilo lililoninyima raha. Kila masika nilimwambia mume wangu, "Ukipandisha gari, mpandishe na mama yako."

"Akalale barabarani kama mzigo? Watu watanionaje? Maji yakija nitashuka kumchukua."

Mama mwenyewe hakutaka kumsumbua mwanawe.

Mwaka jana maji yalikuja asubuhi, watoto wako shule, jua linawaka. Mvua ilinyesha huko juu Pugu, maji yanakotokea, kwetu hata tone. Gari lilishapandishwa tangu jana yake. Nikasikia watu wanapiga masufuria kutahadharishana, nikachungulia chooni, nikakuta maji yanapanda. Nikapiga simu.

"Lete gari, mama anazama!"

"Nilipitishe wapi? Njia yote ni maji. Likizima tutakula nini?"

"Basi njoo wewe!"

Alikuja. Simnyimi haki yake, alikuja kwa miguu, maji kifuani, analia. Lakini mpaka anafika, mimi nilikuwa nimepanda kitandani na mama, nimemshika kwapani, mikono imekufa ganzi, na maji yale ya chooni yamemfika kiunoni. Yalikuwa yameshampiga usoni, na mengine ameyanywa. Jirani akang'oa mlango wake, tukamlaza mama juu yake, tukamkokota mpaka barabarani. Tukamkalisha kwenye kirikuu, kiti cha mbele. Akakipapasa kiti kwa ule mkono wake mzima.

"Kumbe humu pakavu hivi," akasema.

Mume wangu akaenda kusimama nyuma ya gari.

Kifua kilimbana wiki ile ile. Hospitali walisema maji machafu yameingia mapafuni. Tulimzika masika haijaisha, na kaburi lenyewe lilikuwa linachotwa maji kwa ndoo wakati tunangoja kumshusha.

Sasa masika imerudi. Habari za kuhama tumeziongea mpaka maneno yameisha, hatuna pa kwenda. Leo wingu limetanda Pugu na wanaume wamewasha magari. Wamepita wakimpigia mume wangu honi, "Oya, unangoja nini?" Mwaka huu hajapaka grisi, hajaunga bomba. Gari ameliegesha mlangoni, limetazama barabara, mlango wa abiria uko wazi.

"Pandisha gari, baba," nikamwambia. "Watoto watakula nini?"

"Halipandi. Safari hii linakaa hapa hapa."

Nilitaka kumuuliza linamngoja nani. Nikakiona kiti cha mbele, amekitandikia khanga ya mama, nikaingia ndani kuinua kitanda. Chooni maji yalishaanza kupanda.